Daktari Adrian Atiman

Mapadre wa White Fathers mjini Dar es Salaam waliipa nyumba yao jina la Atiman House. Mtoto wa Kariakoo au wa Kisutu aweza kulisikia jina hilo asijue ni la nani. Ni jina la Mwafrika aliyeibwa utotoni, akauzwa utumwani, kisha akawa daktari katika nchi isiyo yake.

Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu. Nchi hiyo leo huitwa Mali. Alipokuwa bado mtoto mdogo, wafanyaji wa biashara ya watumwa walimkamata, akauzwa, akachukuliwa na msafara kuvuka jangwa la Sahara. Fikirini, watoto, safari ile ilivyokuwa: mchana jua kali, usiku baridi, maji haba, na kila siku mtoto yule alizidi kuwa mbali na mamaye. Hata akafika Algeria, yu hai.

Huko, mwaka 1876, mapadre walimkomboa kwa fedha, wakamtia shuleni. Mkubwa wao alikuwa Charles Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Bwana huyo aliona ya kuwa wamisionari wengi wa Ulaya waliotumwa bara walikufa upesi kwa homa. Kwa hiyo alifanya shauri la kuwachagua vijana Waafrika waliokombolewa, awapeleke kisiwa cha Malta wakasomee udaktari, wapate kutibu wagonjwa na kufundisha dini pamoja. Atiman alikuwa mmoja wao. Akasoma kwa bidii, na mwaka 1888 akamaliza masomo yake.

Sasa alikuwa kijana wa miaka kama 22, mwenye elimu. Lakini hakupelekwa kwao. Alitumwa Karema, pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika. Watu wa huko hakuwajua, wala lugha yao hakuisikia utotoni. Kwao alikuwa mgeni kama Mzungu. Hata hivyo alikubali.

Siku zile hapakuwa na reli. Reli itokayo Dar es Salaam ilianza kujengwa mwaka 1905, nayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Msafiri wa zamani alikwenda kwa miguu pamoja na wapagazi, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Njia zile ndizo watumwa walizopitishwa kutoka bara kwenda pwani. Yeye aliyevushwa jangwa kama bidhaa alikuwa sasa akienda bara mtu huru, akafika Karema mwaka 1889.

Misheni ya Karema ilikuwa ndani ya boma la Wabelgiji, ambalo mapadre walipewa mwaka 1885. Biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma katika nchi za ziwani. Karibu na misheni waliishi watu waliokombolewa, na watoto yatima. Atiman aliyajua mateso yao, kwa maana yalikuwa yake pia. Alipofunga kidonda cha mtoto wa namna hiyo, hakuhitaji kuuliza mnyororo ni kitu gani.

Kazi yake haikuwa nyepesi. Hospitali kubwa zilikuwa mbali, na dawa zilitoka ng'ambo. Lakini wagonjwa walimjia, naye aliwapokea, akafundisha dini vilevile. Alioa mke wa nchi ile, na mwanawe Joseph akawa padre. Serikali zikabadilika: walitawala Wadachi, kisha katika vita Wabelgiji wakaitwaa Karema mwaka 1916, halafu wakaja Waingereza. Watawala walikuja na kuondoka, Atiman hakuondoka.

Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozieleza mwenyewe, zilipigwa chapa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kwa hiyo habari zake hazikupotea kama za maelfu ya watoto walioibwa pamoja naye katika karne ile. Wengi wao hatuyajui hata majina yao.

Daktari Atiman alifariki mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka kama 90. Alikuwa ametumika Karema miaka 67.

Watu waliomwiba hawakumrudishia nchi yake, wala fedha iliyomkomboa haikumrudisha kwa wazazi wake. Mtu aliyetendwa hivyo angeweza kuwachukia watu wote. Atiman alifanya kinyume. Aliwapa wageni uangalizi ambao yeye mwenyewe aliukosa jangwani, nao wageni wale wakawa watu wake. Nanyi, akija mwenzenu darasani, mgeni, aliyefukuzwa kwao na vita au njaa, kumbukeni ya kuwa huyu naye aweza siku moja kuwa mponyaji wa watoto wenu.