Edwin Link na mashine ya urubani isiyo na picha

Wadau, juzi kwenye kafe nilikaa jirani na dogo mmoja anarusha ndege ya gemu. Milima, bahari, kila kitu kinang'aa. Eti rubani tayari! Nikamkumbuka Edwin Link.

Huyu Mmarekani alizaliwa 1904. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda kule Binghamton, New York. Masomo ya urubani yalikuwa ghali, basi kufikia 1929 jamaa akachukua mivukuto na pampu za vinanda akaunda kindege kinachoinama na kugeuka bila kuondoka chini. Wengi wakakiona mchezo tu, kikaishia viwanja vya burudani.

Mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kupeleka barua kwa ndege. Marubani wakafa, hali ya hewa mbaya. Link akaruka mwenyewe kwenda Newark siku ya ukungu, maofisa wakidhani hawezi kufika. Akatua salama. Wakaagiza mashine 6.

Sasa ndani yake hakukuwa na picha hata moja! Unafunikwa, unabaki na mita tu. Mawinguni mwili unadanganya jamani, unahisi umenyooka kumbe ndege inapinda inashuka. Picha inasaidia kujifunza kutua, hapo sibishi. Ila aliyezoea dirisha tu, wingu likifunga amekwisha.

Link alifariki 1981. Yule dogo nilimwekea ukungu mzito, nikamwambia soma mita. Dakika mbili nyingi, chini!