Salum Abdallah na Bendi Iliyomzidi Umri

Bendi nyingi huzaliwa katika nchi yetu, na nyingi hufa zingali changa. Kwa hiyo maofisa wanaosimamia utamaduni hawana budi kuyatazama maisha ya Marehemu Salum Abdallah Yazidu, mwanzilishi wa Cuban Marimba ya Morogoro.

Alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Ujana wake uliangukia wakati santuri za rumba kutoka Cuba zilipokuwa zikiingia kwa wingi Afrika Mashariki, naye akazipenda kupita kiasi. Husimuliwa kwamba alitoroka kwao akitaka kwenda Cuba yenyewe, safari ikaishia Mombasa. Mwaka 1948 aliunda kikundi cha La Paloma, na mwaka 1952 akaanzisha Cuban Marimba. Mahadhi yalikuwa ya ugenini, lakini maneno yalikuwa Kiswahili safi: mapenzi, mawaidha na, baada ya Uhuru, sifa za taifa jipya na wanawake wake. Santuri zake zilitoka Mombasa kwa nembo ya Mzuri, na redio ikazifikisha mahali ambapo bendi haikukanyaga.

Tarehe 19 Novemba, 1965 alifariki kwa ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka 37. Wengi wangetazamia bendi izikwe pamoja naye. Haikuzikwa. Cuban Marimba ilikuwa klabu yenye wanachama, na ndani yake alikuwamo kijana aliyekwisha kuandaliwa, Juma Kilaza. Alishika uongozi, bendi ikaendelea kupiga na kurekodi, hata wako walioijua kwa sauti ya Kilaza peke yake.

Katika mji huohuo ilikuwapo Morogoro Jazz, iliyoundwa mwaka 1944, na fundi wake mkuu wa gitaa, Mbaraka Mwinshehe. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda kupiga kwenye maonyesho ya Osaka, Japani. Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka akaunda Super Volcano. Morogoro Jazz haikurudia tena hadhi yake. Januari 1979 Mbaraka naye akafa kwa ajali ya gari mjini Mombasa, na Super Volcano ikafifia. Wako wanaomweka Mbaraka juu ya Salum kwa kipaji, nasi hatutagombana nao. Tunachokipima hapa ni chombo, si nahodha.

Ndugu zetu wa visiwani wanalijua jambo hili zamani: Ikhwani Safaa ya Unguja imekuwapo tangu 1905, na waasisi wake wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Imebadili majina hadi kuitwa Msondo Ngoma. Hapa Lipingo na kando ya Ziwa Nyasa, wazee wa mganda hawatashangaa. Mganda una vyeo vyake, na mwenye cheo akifariki, mwingine hushika nafasi.

Mwaka 2000 nyimbo za Salum zilitolewa upya katika diski nchini Ujerumani. Tunafurahi kwamba zimehifadhiwa, ingawa tungependa zaidi zingehifadhiwa Morogoro. Basi ofisi za utamaduni wilayani, zinapoandikisha kikundi kipya cha muziki, zisiridhike na jina la kiongozi. Ziulize vyombo ni mali ya nani, na nani anafundishwa kushika nafasi yake.