Joel Bendera: mkuu wa mkoa wa mafuriko ya Magole, kocha wa safari ya Lagos

Watu wa Magole na Dumila hawajaisahau Januari 2014. Mto Mkundi ulifurika, maji yakaingia majumbani, watu wakapanda juu ya mapaa na miti kujiokoa. Helikopta zilikuja kuwachukua waliozingirwa. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika na magari yakalala pande zote mbili. Baada ya maji kupungua, familia nyingi zilianza maisha upya kwenye mahema.

Mkuu wa Mkoa wa Morogoro wakati huo alikuwa Joel Nkaya Bendera. Wengi wetu, hasa vijana, tulimfahamu hivyo tu: kiongozi wa serikali aliyekuja na msafara. Lakini kwa wazee waliokuwa wakifuatilia mpira redioni miaka ya 1970, jina lile lilikuwa na maana nyingine kabisa. Kwao Bendera alikuwa kocha, tena kocha aliyeifanyia nchi jambo ambalo halikurudiwa kwa miaka 39.

Leo tunaeleza maisha yake, kwa sababu yanatuonyesha namna mpira wetu unavyowatendea watu wanaofanya kazi nyuma ya wachezaji.

Kijana wa kupewa Taifa Stars

Bendera alizaliwa mwaka 1950. Kwao ni Korogwe, mkoani Tanga. Alipokuwa akiinoa Taifa Stars mwaka 1979 hakuwa hata na miaka 30. Baadhi ya wachezaji walikuwa rika lake.

Mwaka ule nchi ilikuwa inatoka vitani. Majeshi yetu yaliingia Kampala Aprili 1979, na kila kitu kilikuwa cha shida: mafuta, sukari, sabuni, nguo. Timu ya taifa iliandaliwa katika mazingira hayo hayo.

Stars iliitoa Mauritius, kisha ikapangwa na Zambia, timu iliyokuwa tishio katika ukanda huu. Dar es Salaam tulishinda 1-0. Mchezo wa marudiano ulichezwa Ndola Agosti 1979. Zambia walitangulia kufunga, na kama matokeo yangebaki hivyo kazi ingekuwa bado mbichi. Peter Tino akasawazisha. Ikawa 1-1, Tanzania ikafuzu fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Tukumbuke kwamba siku hizi fainali hizo zina timu 24. Mwaka 1980 zilikuwa timu 8 tu kwa Afrika nzima.

Lagos, na jina lililoandikwa

Fainali zilifanyika Nigeria Machi 1980. Tulifungwa na wenyeji 3-1, tukafungwa na Misri 2-1, kisha tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Juma Mkambi alifunga dhidi ya Nigeria, na Thuwein Ally akafunga katika michezo miwili iliyofuata. Nyuma walikuwepo Jella Mtagwa na Leodegar Tenga, ambaye baadaye alikuwa rais wa TFF.

Majina hayo mzee yeyote wa mpira anaweza kukutajia bila kusoma popote. Lakini ukifungua orodha za makocha wa fainali zile, utakuta jina la Slawomir Wolk, raia wa Poland. Bendera, aliyekuwa na vijana wale katika njia ya kufuzu, alibaki kwenye benchi la ufundi nyuma ya mgeni huyo.

Hatusemi kwamba Wolk hakufanya kazi. Tunasema kwamba kumbukumbu za mpira zina tabia ya kuandika jina moja, na mara nyingi wa kuachwa ni mzalendo aliyelima shamba kabla ya mavuno. Kama kocha anaweza kupotea hivyo, fikiria mchua misuli, mtunza vifaa, na yule anayefua jezi usiku ili asubuhi ziwe zimekauka.

Njia ya siasa

Mpira wa wakati ule haukuwa na mikataba minono. Kocha wa taifa alikuwa mtumishi kama watumishi wengine, na kazi ikiisha hakuna kiinua mgongo cha kufuzu Lagos.

Bendera alibahatika kuwa na njia nyingine. Mwaka 2005 alichaguliwa mbunge wa Korogwe Mjini kwa tiketi ya CCM, akakaa hadi 2010. Ndani ya kipindi hicho aliteuliwa kuwa Naibu Waziri wa Habari, Utamaduni na Michezo. Kwa hiyo mtu aliyewahi kukaa benchi akiwa na filimbi shingoni alirudi kwenye michezo akiwa na ofisi. Alikuwa wizarani wakati Stars ya Marcio Maximo ilipofuzu fainali za CHAN za mwaka 2009 huko Ivory Coast.

Mwaka 2011 akaletwa kwetu kuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, na mwishoni mwa 2014 akahamishiwa Manyara. Alistaafu Oktoba 2017. Hakupata muda wa kupumzika: tarehe 6 Desemba 2017 alifariki dunia katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, akiwa na umri wa miaka 67.

Taarifa za msiba zilimtaja kwanza kama mkuu wa mkoa mstaafu. Ukocha ulifuata baadaye. Hapo ndipo pa kujiuliza: je, kama asingeingia siasa, habari ya kifo chake ingetufikia huku Magole?

Miezi 15 tu

Tarehe 24 Machi 2019, Taifa Stars iliifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam, ikafuzu fainali za Afrika kwa mara ya pili. Nchi nzima ililipuka kwa furaha. Kesho yake wachezaji walipokelewa Ikulu na Rais John Magufuli, wakaahidiwa viwanja Dodoma. Peter Tino, mfungaji wa bao la Ndola, naye alikuwepo na akakumbukwa kwa zawadi.

Lilikuwa jambo jema, tena la haki. Tino alingoja miaka 39. Lakini kocha wake hakuwepo. Bendera alikuwa amefariki miezi 15 kabla ya siku ile. Kama shukrani ile ingetolewa miaka 10 nyuma, angeipokea kwa mikono yake, kwani wakati huo alikuwa hai, tena ndani ya serikali hiyo hiyo.

Historia hii haijaisha. Novemba 2024 Stars ilifuzu fainali za AFCON 2025 chini ya kocha mzalendo, Hemed Suleiman anayejulikana kwa jina la Morocco. Novemba 2025, mwezi mmodi kabla ya fainali, TFF ilitangaza kuachana naye, na Miguel Gamondi wa Argentina ndiye aliyeiongoza timu kule nchini Morocco. Timu ilifika hatua ya 16 bora, na uamuzi ule una wanaoutetea na wanaoupinga. Ila kwa anayeijua habari ya Bendera, ni lazima aliona kitu anachokifahamu.

Tunaanzia wapi?

Tunaweza kuilaumu TFF, tukazilaumu na klabu kubwa. Lakini kila kijiji kina timu, na kila timu ina Bendera wake. Ni yule mzee anayebeba mfuko wa mipira kwa baiskeli. Ni mama anayechemsha maji ya kumkanda aliyeumia mguu. Ni mwalimu aliyefundisha vijana bila kulipwa, na leo akipita uwanjani hakuna anayempisha kiti.

Kuwaenzi hakuhitaji bajeti ya wizara. Timu ikipiga picha, nao wasimame ndani ya picha. Klabu ikiwa na daftari la wachezaji, liwe na ukurasa wa waliowahi kufundisha, kutibu na kutunza vifaa, pamoja na miaka yao. Mkishinda kombe la ndondo, sehemu ya zawadi imfikie mzee wa timu. Akiugua, nahodha na wenzake waende kumjulia hali, wasisubiri kubeba jeneza wakiwa wamevaa jezi.

Nenda leo kwa mtu wa namna hiyo katika kitongoji chako, muulize alianza na timu lini na alifundisha akina nani. Kisha tutumie ujumbe wenye jina lake, kwa ridhaa yake, pamoja na jina la timu. Tutamtaja katika kipindi chetu cha michezo, akiwa bado anaweza kuwasha redio na kujisikia akitajwa.