Kintaro Hattori, Fundi wa Saa

Hapo zamani watu wa Japani hawakuhesabu saa kama watu wa Ulaya. Mchana waliugawa mafungu sita, na usiku mafungu sita. Kwa hiyo wakati wa joto saa za mchana zilikuwa ndefu, na wakati wa baridi zilikuwa fupi. Lakini mwaka 1873 serikali ilifuata kalenda ya Ulaya, na saa zikawa sawasawa mwaka mzima. Saa za kale hazikufaa tena. Watu wakataka saa mpya, nazo zilitoka nchi za mbali.

Siku zile mjini Tokyo alikuwapo kijana, jina lake Kintaro Hattori. Alizaliwa mwaka 1860, na baba yake alikuwa mchuuzi wa vitu vikuukuu. Alipopata miaka 11 alitiwa uanagenzi katika duka la bidhaa za ng'ambo. Karibu na duka hilo palikuwa na duka la saa. Kintaro akaona jambo moja. Mvua iliponyesha, wanunuzi hawakuja, na wenye maduka walikaa bure wakitazama njia. Lakini fundi wa saa hakukaa bure. Aliinama mezani pake akatengeneza saa zilizoharibika. Kintaro akawaza moyoni ya kuwa kazi isiyozuiwa na mvua ni kazi njema, akaazimia kuwa fundi wa saa.

Basi akajifunza kwa mafundi, akajua kufungua saa, kusafisha magurudumu yake madogo, na kutia kamani mpya. Mwaka 1877 akaanza kutengeneza saa nyumbani kwao, na mwaka 1881 akafungua duka lake mwenyewe. Miaka miwili baadaye duka likateketea kwa moto. Hakukata tamaa, akaanza tena.

Saa za kuuza alizinunua kwa wafanya biashara wa kigeni katika bandari ya Yokohama. Wenye maduka wengi walikawia kulipa deni, lakini Hattori alilipa siku ile ile ya ahadi. Kwa hiyo wageni wakamwamini, wakamkopesha mali nyingi, na saa nzuri zilipofika yeye alizipata mbele ya wengine. Uaminifu wake ukawa kama akiba.

Hata hivyo hakupenda kuuza kazi ya mikono ya watu wengine tu. Mwaka 1892 akajenga kiwanda, akakiita Seikosha, pamoja na fundi hodari Tsuruhiko Yoshikawa. Kwanza walifanya saa za ukutani. Mwaka 1895 wakafanya saa za mfukoni. Hattori akasafiri Ulaya na Marekani mwaka 1899 kutazama viwanda na mashine. Mwaka 1913 kiwanda kikatoa saa ya mkono iliyoitwa Laurel, nayo ndiyo saa ya mkono ya kwanza kufanywa Japani. Wakati ule watu wengi walikuwa wangali wakitumia saa za mfukoni, lakini yeye alitaka kuwa tayari kabla hawajaziacha.

Ndipo likaja jaribu kubwa. Tarehe 1 Septemba 1923, karibu na adhuhuri, nchi ilitetemeka kwa nguvu. Watu walikuwa wakipika chakula, na moto ukaenea mjini. Watu zaidi ya 100,000 wakafa. Kiwanda cha Seikosha kikaungua, na ndani yake saa kama 1,500 za watu waliozileta zitengenezwe.

Hattori alikuwa na miaka 62, na kazi ya maisha yake imekuwa majivu. Nani angalimlaumu kama angalisema kwamba msiba ule si kosa lake? Lakini yeye hakusema hivyo. Alitangaza katika magazeti ya kuwa kila mtu aliyeacha saa yake kwake atapewa saa mpya ya namna ile ile, bila kulipa kitu. Akatimiza ahadi hiyo, huku akijenga kiwanda upya. Mwaka 1924 kiwanda kikatoa saa za mkono zenye jina jipya, Seiko. Hattori akafa mwaka 1934.

Leo watu wa nchi nyingi hutafuta saa kuukuu za Japani, wakazisafisha na kuzitia uhai tena. Saa nyingi za Seiko zilizofanywa tangu miaka ya 1960 zina namba mgongoni: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho wa mwaka, na alama ya pili ni mwezi. Lakini tarakimu 5 yaweza kuwa 1965 au 1975. Kwa hiyo mjuzi hutazama pia namba ya namna ya saa na mashine iliyo ndani. Saa njema yataka fundi mwangalifu, na tena mwaminifu, kama alivyokuwa yule mtoto wa mchuuzi aliyetazama mvua.