Alan Turing na Tarakimu Zilizokatwa

Askari aliyewahi kutafuta mahali pa shabaha kwa kupima mwelekeo kutoka vituo viwili anajua jambo hili: mistari miwili ikikutana kwa pembe pana, kosa dogo la kipimo halidhuru sana, lakini ikikaribia kuwa sambamba, kosa lile lile huisogeza shabaha mbali na mahali pake. Mtu aliyeupa udhaifu wa namna hiyo kipimo chake katika hesabu ni Alan Turing, Mwingereza aliyezaliwa London tarehe 23 Juni 1912.

Turing alisoma hisabati Cambridge. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939 aliitwa Bletchley Park, akaongoza kazi ya kufumbua maandishi ya siri ya jeshi la majini la Ujerumani, na misafara ya meli ikaweza kukwepa nyambizi katika Atlantiki.

Mwaka 1945 alihamia Maabara ya Taifa ya Fizikia, Teddington, kusanifu mashine ya kuhesabia ya elektroniki. Wataalamu walikuwa na hofu. Mashine hubeba tarakimu chache tu, zinazozidi hukatwa. Je, makosa hayo madogo hayatarundikana? Mwaka 1943 Harold Hotelling wa Marekani alikuwa ameonya kwamba kosa laweza kukua mara nne kwa kila mlinganyo unaoongezwa. Kwa milinganyo 18, hata tarakimu kumi zingeweza kupotea zote.

Turing na wenzake, akiwamo James Wilkinson, wakaijaribu milinganyo 18 kwa mashine za mezani. Yeye mwenyewe alitarajia kushindwa. Jibu lilipopatikana, likarudishwa katika milinganyo ya mwanzo, likapatana nayo vizuri mno. Turing hakuing'ang'ania hofu yake, bali alitafuta sababu. Katika makala yake ya mwaka 1948 juu ya matriki, yaani namba zilizopangwa kwa safu, alionyesha kwamba hofu ile ilipita kiasi, na akaweka kipimo cha kutambua ni matriki zipi hukuza makosa na zipi huyavumilia.

Tutazame mfano: x + y = 2, na x + 1.001y = 2.001. Jibu ni x = 1, y = 1. Mwandishi akiikata 2.001 akaandika 2 tu, jibu huwa x = 2, y = 0. Sehemu moja ya elfu imegeuza kila kitu.

Mwaka 1952 Turing alihukumiwa kwa sheria iliyokataza mapenzi baina ya wanaume, sheria ambayo Uingereza imekwisha kuifuta. Alifariki tarehe 7 Juni 1954, akiwa na umri wa miaka 41. Mwaka 2013 alipewa msamaha wa Malkia.

Kipimo chake kingali kinatumika katika kompyuta. Nasi tunajifunza kwamba wingi wa desimali katika karatasi si ushahidi wa ukweli. Afisa apokeaye hesabu na aulize kwanza: vipimo vilichukuliwaje, na mistari inakutana kwa pembe gani?