John Bradshaw

John Bradshaw (1602 – 31 Oktoba 1659) alikuwa mwanasheria na jaji wa Uingereza. Anajulikana hasa kama rais wa mahakama iliyomhukumu kifo mfalme Charles I mnamo Januari 1649. Baadaye alikuwa rais wa kwanza wa kudumu wa Baraza la Dola, chombo kilichoendesha serikali ya nchi hiyo ilipokuwa jamhuri. Cheo hicho hakukirithi wala hakuteuliwa na mfalme: alikipata kwa kura, katika baraza ambalo wajumbe wake walichaguliwa upya na Bunge kila baada ya muda.

Maisha ya awali

Bradshaw alizaliwa katika jimbo la Cheshire, kaskazini magharibi mwa Uingereza, akabatizwa mjini Stockport tarehe 10 Desemba 1602. Familia yake ilimiliki ardhi lakini haikuwa ya ngazi ya juu. Kwa kuwa hakuwa mtoto wa kwanza wa kiume, hakutegemea kurithi mashamba ya baba yake, hivyo akaelekezwa kwenye taaluma ya sheria.

Alijiunga na chuo cha mawakili cha Gray's Inn huko London mwaka 1620, na mwaka 1627 alikubaliwa kuwa wakili. Alirudi kufanya kazi Cheshire, na mwaka 1637 akawa meya wa mji mdogo wa Congleton. Alimwoa Mary Marbury, binti wa familia ya jimbo hilohilo. Hawakuacha watoto.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya mfalme na Bunge vilipoanza mwaka 1642, Bradshaw alikuwa upande wa Bunge. Mwaka 1643 alipata kazi ya ujaji katika mahakama mojawapo ya Jiji la London. Mwaka 1646 yeye na wakili John Cook walimtetea John Lilburne, mwandishi na mpigania haki za raia, alipodai kufutiwa hukumu aliyopewa miaka ya nyuma na mahakama ya kifalme. Mwaka 1647 Bradshaw aliteuliwa kuwa Jaji Mkuu wa Chester. Mshairi John Milton alikuwa miongoni mwa wateja wake.

Kesi ya mfalme

Tarehe 6 Desemba 1648 askari wa jeshi la Bunge, wakiongozwa na kanali Thomas Pride, walisimama kwenye mlango wa Bunge la Makabwela, yaani ile nyumba ya Bunge iliyochaguliwa na wananchi wenye haki ya kupiga kura. Waliwazuia au kuwakamata wabunge waliotaka kuendelea kupatana na mfalme. Wachache walioruhusiwa kubaki walikuja kuitwa kwa dharau Bunge la Mabaki.

Wabunge hao waliunda mahakama maalumu ya kumshtaki Charles I. Watu 135 walitajwa kuwa wajumbe wake, lakini wengi hawakuhudhuria. Majaji wakuu wa nchi nao hawakutaka kuiongoza. Bradshaw, ambaye hakuwa jaji wa ngazi ya juu, alichaguliwa kuwa rais wa mahakama tarehe 10 Januari 1649 bila yeye mwenyewe kuwepo.

Kesi ilianza tarehe 20 Januari katika ukumbi wa Westminster Hall. Mfalme alikataa kujibu mashtaka akisema kuwa mahakama hiyo haikuwa na mamlaka yoyote ya kisheria juu yake. Bradshaw alijibu kwamba mfalme naye yuko chini ya sheria, na kwamba mamlaka ya mahakama yanatoka kwa wananchi kupitia Bunge lao. Hoja hiyo ilikuwa na udhaifu ulioonekana wazi, kwani Bunge lenyewe lilikuwa limepunguzwa kwa nguvu ya jeshi wiki chache tu kabla. Hukumu ya kifo ilitolewa tarehe 27 Januari. Hati ya kutekeleza hukumu ilitiwa saini na watu 59, na saini ya Bradshaw ndiyo ya kwanza. Charles I alikatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649.

Kuundwa kwa Baraza la Dola

Baada ya kifo cha mfalme hapakuwa tena na mtu wa kuongoza jeshi, kupokea mabalozi au kutoa amri za kila siku. Bunge liliamua kazi hizo zifanywe na baraza. Sheria ya Februari 1649 iliweka Baraza la Dola lenye wajumbe 41 kwa kipindi cha mwaka mmoja. Kamati ya wabunge watano ilipendekeza majina, kisha Bunge likayapigia kura.

Baraza lilisimamia jeshi la nchi kavu na la majini, uhusiano na nchi za nje, biashara na usalama wa ndani. Lilikuwa na uwezo wa kuwaita watu, kuwahoji na kuwaweka kizuizini. Akidi yake ilikuwa wajumbe 9. Hata hivyo halikuwa na uwezo wa kutunga sheria wala kutoza kodi, na mambo makubwa lilipaswa kuyapeleka Bungeni. Karibu wajumbe wake wote walikuwa wabunge pia, hivyo watu walewale walipeleka taarifa kutoka upande mmoja na kuipokea upande wa pili. Bradshaw alikuwa mmoja wa wachache ambao hawakuwa wabunge.

Ugumu ulijitokeza mwanzoni kabisa. Wajumbe walitakiwa kula kiapo cha kukubali kesi ya mfalme na kufutwa kwa ufalme. Wengi walikataa, kwa kuwa hawakushiriki katika kesi hiyo au hawakuiunga mkono. Bunge lilibadilisha maneno ya kiapo ili mjumbe aahidi tu kuwa mwaminifu kwa serikali ya jamhuri kwa siku zijazo. Kwa njia hiyo baraza liliweza kuanza kazi likiwa na watu wenye maoni tofauti kuhusu jambo lililolizaa.

Mnamo Machi 1649 wajumbe walimchagua Bradshaw kuwa rais wao. Mwezi huohuo Milton aliajiriwa kuwa katibu wa baraza kwa ajili ya barua za lugha za kigeni. Bunge lilifuta rasmi ufalme na Nyumba ya Malodi, na tarehe 19 Mei 1649 lilitangaza kwamba Uingereza ni jamhuri.

Urais wa baraza

Kama rais, Bradshaw aliongoza mikutano, alitia saini barua na amri, na alipokea wageni wa serikali. Alipewa makazi katika nyumba ya mkuu wa kanisa la Westminster Abbey, pamoja na fedha na mashamba yaliyonyang'anywa wafuasi wa mfalme. Mwenzake barazani Bulstrode Whitelocke aliandika kwamba Bradshaw alikuwa na tabia ya kutoa hotuba ndefu kuhusu kila jambo, ilhali kazi ya rais ilikuwa kukusanya maoni ya wajumbe na kuyafikisha kwenye uamuzi.

Miongoni mwa watu wa kwanza kuletwa mbele ya baraza alikuwa John Lilburne, yuleyule ambaye Bradshaw alimtetea miaka mitatu nyuma. Lilburne na wenzake walikuwa wameandika vitabu vidogo wakidai kwamba watawala wapya wamechukua nafasi ya mfalme bila ridhaa ya wananchi, na kwamba uchaguzi mpya ufanyike. Tarehe 28 Machi 1649 walihojiwa na baraza, kisha wakapelekwa kifungoni katika Mnara wa London. Mnamo Oktoba mwaka huo Lilburne alishtakiwa kwa uhaini, lakini baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia.

Chaguzi za kila mwaka

Muda wa baraza la kwanza ulipokwisha mwezi Februari 1650, Bunge liliwarudisha karibu wajumbe wote. Mwaka uliofuata wabunge walitaka mabadiliko makubwa zaidi. Mnamo Februari 1651 waliamua kuwabakiza wajumbe 21 wa zamani na kuchagua wapya 20. Utaratibu huo ulirudiwa mwezi Novemba 1651 na tena Novemba 1652. Katika uchaguzi wa Novemba 1651 wabunge waliandika majina kwenye karatasi, zikakusanywa na kuhesabiwa.

Utaratibu huo ulilenga kuzuia kundi moja lisishike serikali kwa muda mrefu, bila kupoteza watu wenye uzoefu. Uchaguzi ukawa pia kipimo cha nguvu za makundi ndani ya Bunge, kwani kuachwa nje ya baraza kulimaanisha kupoteza sauti katika mambo ya vita, mikataba na ajira.

Bradshaw alichaguliwa kila mara, lakini urais wake wa kudumu haukuendelea. Tarehe 26 Novemba 1651 Bunge liliamua kwamba mtu yeyote asiongoze baraza au kamati kwa zaidi ya mwezi mmoja. Tangu hapo kiti kilizunguka kati ya wajumbe, na Bradshaw aliendelea kuhudhuria kama mjumbe wa kawaida, akikalia kiti zamu yake ilipofika.

Swali ambalo chaguzi hizo hazikulijibu ni lini wananchi wangechagua Bunge jipya. Bunge lililokuwepo lilichaguliwa mwaka 1640. Mnamo Novemba 1651 liliamua lisikae zaidi ya tarehe 3 Novemba 1654, lakini muswada wa uchaguzi mpya uliendelea kujadiliwa bila kukamilika, na uvumilivu wa jeshi ukazidi kupungua.

Kupingana na Cromwell

Tarehe 20 Aprili 1653 jenerali Oliver Cromwell aliingia Bungeni na askari akawatoa wabunge. Mchana wa siku hiyo alikwenda kwenye Baraza la Dola, ambako Bradshaw alikuwa kwenye kiti. Cromwell aliwaambia wajumbe kwamba kama wamekutana kama watu binafsi hawatasumbuliwa, bali kama ni baraza basi hapo si mahali pao, kwa kuwa Bunge limevunjwa. Bradshaw alimjibu kwamba hakuna mamlaka duniani inayoweza kulivunja Bunge isipokuwa Bunge lenyewe. Baada ya hapo wajumbe waliondoka.

Mwezi Desemba 1653 Cromwell alikuwa mtawala wa nchi kwa cheo cha Bwana Mlinzi. Mwaka uliofuata Bradshaw alichaguliwa kuwa mbunge wa Cheshire. Mnamo Septemba 1654 Cromwell aliwataka wabunge watie saini ahadi ya kukubali utawala wa mtu mmoja pamoja na Bunge. Bradshaw alikataa akapoteza kiti chake. Mwaka 1656 aliitwa pamoja na wapinzani wengine akatakiwa kuomba upya uteuzi wake wa Jaji Mkuu wa Chester kutoka kwa Bwana Mlinzi. Alikataa tena, akisema kazi hiyo alipewa na Bunge.

Miaka ya mwisho

Cromwell alifariki tarehe 3 Septemba 1658, na mwanawe Richard akachukua nafasi yake. Mnamo Mei 1659 jeshi lilimwondoa Richard na kulirudisha Bunge la Mabaki. Baraza jipya la Dola lenye wajumbe 31 lilichaguliwa, na Bradshaw alikuwemo. Aliteuliwa pia kuwa mmoja wa watunzaji wa Muhuri Mkuu wa nchi, lakini afya yake ilikuwa imedhoofika.

Tarehe 13 Oktoba 1659 jeshi lililoongozwa na John Lambert lilifunga tena Bunge. Bradshaw, ingawa alikuwa mgonjwa, alikwenda kwenye baraza. Mjumbe mmoja alipotetea kitendo cha jeshi, Bradshaw alisimama kukilaani, kisha akaondoka. Alifariki tarehe 31 Oktoba na kuzikwa Westminster Abbey.

Baada ya kifo

Mwaka 1660 ufalme ulirudishwa chini ya Charles II, mwana wa mfalme aliyeuawa. Bunge liliagiza maiti za Bradshaw, Cromwell na Henry Ireton zifukuliwe. Tarehe 30 Januari 1661, siku ya kumbukumbu ya kifo cha Charles I, zilitundikwa huko Tyburn, sehemu ya kunyongea wahalifu. Vichwa vyao vilikatwa na kuwekwa juu ya miti kwenye paa la Westminster Hall, jengo ambamo kesi ya mfalme ilisikilizwa.

Watetezi wa ufalme walimkumbuka Bradshaw kama muuaji wa mfalme. Milton alimsifu katika maandishi yake ya mwaka 1654 kama mtu mwadilifu aliyependa uhuru. Wanahistoria huona pande mbili katika maisha yake. Alikubali kuongoza mahakama iliyoundwa na Bunge lililochujwa na jeshi, na baraza lake lilimfunga raia aliyedai uchaguzi. Lakini jeshi lilipowageukia wabunge haohao mwaka 1653 na 1659, alilipinga waziwazi mara zote mbili, na kwa ajili ya msimamo huo alipoteza nafasi yake serikalini.

Kofia anayosemekana kuivaa wakati wa kesi ya mfalme, iliyowekewa chuma ndani ili kumkinga na shambulio, imehifadhiwa katika makumbusho ya Ashmolean mjini Oxford.