Grogan, mlowezi aliyeleta trauti Mto Gura

MVUVI anayesimama kando ya Mto Gura, katika Milima ya Nyandarua, na kurusha ndoana iliyovishwa manyoya ifanane na mdudu, huenda asijue kwamba samaki anayemwinda ni mgeni. Mababu wa trauti wa mto huo waliletwa wakiwa mayai kutoka ziwa la Loch Leven, Uskoti, mwaka wa 1905. Aliyewaleta ni Ewart Scott Grogan, mlowezi ambaye Wakenya wengi hulitamka jina lake pasipo kumjua.

Grogan alizaliwa London mnamo Desemba 12, 1874. Sifa zake zilivuma kabla hajakanyaga Nairobi. Alimpenda Gertrude Watt, binti wa New Zealand, lakini baba wa kambo wa msichana huyo alitilia shaka uwezo wa kijana asiye na kazi maalumu. Ili kuthibitisha kwamba yeye ni mwanamume kamili, Grogan alifunga safari ya kuvuka Afrika kutoka kusini hadi kaskazini. Alianza mwaka wa 1898 na kufika Cairo mwaka wa 1900. Jiko akalipata.

Alipohamia Kenya mwaka wa 1904, alikuta nyanda za juu zenye baridi na vijito vya maji maangavu kama vya kwao, ila havikuwa na samaki wa kumridhisha mvuvi wa Kiingereza. Akaagiza mayai ya trauti wa kahawia. Haikuwa kazi nyepesi. Mayai ya trauti huharibika yakipata joto, na yalilazimika kuvuka bahari ya tropiki na kupita Mombasa, kisha kusafiri bara hadi milimani kulikokosa barabara ya gari. Enzi hizo mizigo ilipanda huko kwa mabega ya wapagazi. Historia humtaja Grogan, wapagazi haiwataji.

Samaki hao walistawi. Trauti hupenda maji baridi yaendayo kasi, yenye hewa tele na changarawe ya kutagia, na Gura una vyote hivyo. Mwaka wa 1910 trauti wa upinde wa mvua waliletwa kutoka Afrika Kusini, na baadaye mito ya Mlima Kenya nayo ikatiwa mbegu. Mkikuyu wa wakati huo, ambaye kwa mila hakula samaki, aliwatazama Wazungu wakisimama majini mchana kutwa kwa ajili ya windo ambalo yeye asingelitia chunguni. Lililomuuma ni kwamba ardhi iliyozunguka mito hiyo ilikuwa ikimtoka.

Na hapa ndipo simulizi tamu ya mvuvi inapoingia shubiri. Mwezi Machi 1907, Grogan, aliyekuwa kiongozi wa chama cha walowezi, aliwacharaza viboko hadharani, yeye na wenzake, Wakikuyu waliokuwa wakivuta riksho. Walidaiwa kuwakosea heshima wanawake wa Kizungu. Tendo hilo lilifanyika mbele ya mahakama ya Nairobi, makusudi, kuionyesha serikali kwamba walowezi hawakuiogopa. Grogan alifungwa mwezi mmoja. Wapo wanaomsifu kwa ujasiri wake wakaliruka tukio hili. Mimi naona haliwezi kurukwa.

Alitajirika. Nyumba yake ya Chiromo leo imo katika bewa la Chuo Kikuu cha Nairobi, na huko Taveta alijenga jumba ambalo watu huliita kasri. Gertrude alipofariki mwaka wa 1943, mumewe alitoa ardhi ya Muthaiga ambako hospitali ya watoto yenye jina la marehemu ilianzishwa mwaka wa 1947.

Grogan alifariki Cape Town mwezi Agosti 1967, akiwa na umri wa miaka 92. Barabara iliyoitwa kwa jina lake jijini Nairobi iligeuzwa kuwa Kirinyaga, ingawa mafundi wa magari na wauza vipuri wa hapo bado husema wako Grogon.

Trauti nao wamebaki. Kule Kiganjo, Nyeri, kuna kitotoleo cha serikali cha vifaranga vyao, na wapo wakulima wa maeneo ya mlima wanaowafuga vidimbwini, wajukuu wa watu wasiokula samaki. Wengi wa trauti hao, hata hivyo, huishia katika meza za hoteli.